Kijiko, Ngazi, Mvua

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Chiriku ametoka sasa hivi kutumbukiza kiatu changu cha kulia kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, akakisugua kwa mswaki wangu, akaniambia, "Mama, kimeoga, sasa kinalala." Kimelazwa kitandani na kufunikwa shuka. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa na kiatu kimoja mguuni, na mtoto wa miaka miwili na nusu amesimama mlangoni ananionyesha kidole mdomoni nisikiamshe. Uzuri wa barua haipigi kelele.

Sisi hatujambo. Baba Chiriku bado anafunga mabomba kwenye lile jengo la mbali, anakuja Jumamosi akinuka gundi, anaondoka Jumapili akinuka sabuni. Anakusalimu sana. Wewe na wagonjwa wako hamjambo?

Ulisema nisipige simu, niandike, kwa sababu kwenye simu kila mzee ni mzima. Kweli kabisa. Bibi akiikamata simu anasema, "Mimi mzima, chakula nakula, usingizi napata, haya kwaheri," anakata, anarudi kwenye cherehani yake. Basi naandika.

Wiki iliyopita yule mwalimu jirani yetu alileta kitambaa cha shati la mumewe. Bibi alipima, akakata, akashona, mashine inaimba. Shati lilipokwisha lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Mwalimu alicheka, akasema hata mumewe yuko hivyohivyo, mpe msumari na nyundo utaona. Bibi naye akacheka. Lakini mwalimu alipoondoka, Bibi aliliweka lile shati mapajani akawa analigeuza, analigeuza, kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba yake mwenyewe.

Wewe ndiye uliyesomea vichwa vya wazee. Mimi niliacha shule nikijua kujumlisha na kutoa, na siku hizi hata kutoa kunanishinda. Niambie ni uzee tu.

Mwana wa kaka yako

27 Februari

Mwanangu,

Pole kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako ilikaa siku tisa chini ya rundo la mitihani ya wanafunzi, mpaka karani wangu alipoifungua, akasoma habari za kiatu, akadhani imeandikwa na mgonjwa. Nimeisoma mara tatu: mara moja kama daktari, mara moja kama mtoto wa mama yangu, na mara ya tatu kwa ajili ya kiatu tu. Kimeamka?

Mimi sijambo. Kazi ni ileile. Asubuhi naona wazee wanaosahau, mchana nafundisha vijana watakaokuja kuwa madaktari wa akili, jioni naandika makala zinazosomwa na watu kumi na mmoja duniani, wanane kati yao wakitafuta makosa.

Sitakuambia ni uzee tu. Wala sitakuambia si uzee. Humu ndani ya bahasha kuna karatasi za maswali ambazo mimi na wenzangu tulizitunga kwa miaka sita. Alama zake ni thelathini. Mkalishe Mama, huyo Bibi yako, asubuhi, ameshakunywa chai, mahali pasipo kelele. Muulize polepole, andika anachojibu. Kuna maneno matatu ya kukumbuka, kuna saa ya kuchora, kuna kuhesabu kwa kurudi nyuma.

Na nikuambie jambo moja mapema lisije likakushtua. Kwenye taasisi yetu kuna chumba chenye dirisha kubwa, na muuguzi yupo muda wote. Alama zikiwa chini ya ishirini, nitamwombea Mama nafasi hapo. Wewe una mtoto mdogo na mikono miwili. Mmoja ni wa kulia na mmoja wa kushoto, nashukuru, lakini ni miwili tu.

Pasi je? Bado anapiga pasi mwenyewe?

Shangazi yako

22 Machi

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Chiriku ameota jino la nyuma na amelitangaza mtaa mzima, kila anayepita anafunguliwa mdomo. Kiatu kiliamka, kikalia, kikanyonyeshwa, siku hizi kinaendelea vizuri.

Habari yenyewe ni hii: Bibi amefaulu. Thelathini kwa thelathini. Nimeambatanisha karatasi ujionee. Saa aliyoichora ni ya mviringo kiasi kwamba ungeweza kuitundika ukutani ikafanya kazi. Maneno matatu, kijiko, ngazi na mvua, aliyasema kabla sijamaliza kumuuliza. Kuhesabu kurudi nyuma saba saba alikwenda mpaka nikamwomba apumzike.

Kwa hiyo kile chumba chenye dirisha kubwa mpeni mtu mwingine mwenye shida, Mungu amsaidie. Bibi dirisha analo, tena tumeweka pazia jipya la maua madogomadogo, ungeliona ungelipenda.

Pasi ipo.

Mwana wa kaka yako

5 Aprili

Mwanangu,

Nimepokea matokeo. Nimeyaweka mezani tukatazamana.

Mwaka jana nilijipima mwenyewe kwa karatasi hizohizo, ambazo nimezitunga mimi, nikapata ishirini na tisa. Nilikosea tarehe. Mkuu wa idara yangu alipata ishirini na saba, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa nyusi. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi hii. Sijawahi kumwona mshonaji wa miaka sabini na minane mwenye thelathini, na sijawahi kumwona anayechora duara zuri kuliko la bikari.

Nina maswali mawili, haya hayana alama. Mlizisoma zile karatasi kwa siku ngapi kabla ya siku yenyewe? Na pazia la zamani lilikuwa na kosa gani?

Nilikuwa nataka kukuandikia kwa furaha, basi furaha nayo ni hii: wamenipa uprofesa kamili. Tarehe 30 Mei nitasimama kwenye ukumbi kutoa mhadhara mbele ya watu ambao nusu yao walinifelisha zamani na nusu yao nimewafelisha mimi. Baada ya hapo mtu anaruhusiwa mwaka mmoja wa kukaa popote aandike kitabu. Mimi sijawahi kuchukua likizo hata ya mafua, sijui ningekaa wapi. Mwambie Mama habari za uprofesa ukiona inafaa. Kama haifai, basi.

Shangazi yako

24 Aprili

Shangazi mpendwa,

Hongera, tena hongera. Nilipoisoma barua nilipiga vigelegele, na Chiriku naye akapiga bila kujua sababu, halafu akaniuliza nani ameota jino.

Sasa nijibu kesi yangu. Tulizisoma siku kumi na sita.

Usinikasirikie mpaka ufike mwisho. Wewe umeniletea mtihani. Nani anaingia kwenye mtihani bila kusoma? Baba alikuwa anatusimulia kwamba wewe ulikuwa unasoma mpaka chooni, watu wamejipanga nje wanagonga. Na kwenye barua ulikuwa umeandika chumba, na chini ya ishirini. Ule mstari niliusoma kama hati ya kuitwa mahakamani. Nikasema, basi, huyu hafeli.

Yale maneno matatu tuliyafanya wimbo wa kuoshea vyombo. Kijiko, ngazi, mvua. Siku tano za kwanza Bibi alikuwa anakumbuka kijiko tu. Chiriku ndiye aliyeyashika upesi, na sasa hataki maneno mengine. Mwenye duka akimuuliza, "Hujambo, mama?" anajibu, "Kijiko, ngazi, mvua." Mwenye duka alidhani nimemwagiza. Akampa kijiko, akasema ngazi aulize kwa fundi, mvua aulize juu.

Saa, Bibi alizungushia kifuniko cha kopo la vifungo. Hakuna mahali mmeandika kifuniko kimekatazwa. Kuhesabu saba saba alirudisha tepu ya kupimia kwa kidole gumba, amefanya hivyo miaka hamsini. Na tarehe niliiandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia, pale anapoegemeza kiwiko. Hiyo ndiyo peke yake ninayoiita wizi.

Lakini kuna jambo hujaliona kwenye karatasi. Tulipomaliza, Bibi aliniuliza, "Tumefaulu?" Nikamwambia tumefaulu. Akakunja tepu yake taratibu, akasema, "Sasa wataniacha nikae?" Shangazi, mimi sikuwa nimemwambia lolote kuhusu chumba.

Pazia. Bibi alilishusha kulipiga pasi, akaiacha pasi imelala kifudifudi juu yake, akaenda kutafuta mkasi aliokuwa ameuvaa shingoni. Ilikuwa asubuhi. Chiriku alikuja kuniambia, "Mama, pazia linapika." Palipoungua hapazidi ukubwa wa sahani moja. Tangu siku hiyo pasi naiweka mimi juu ya kabati, na Bibi akiitaka tunapiga wote wawili, yeye ananyoosha, mimi nashika waya. Nilipaswa kukuambia. Niliona nikikuambia utahesabu alama.

Habari za uprofesa nilimwambia. Nikamletea na ile picha yako ya joho jeusi, ya siku ya kuhitimu. Aliitazama muda mrefu, akaweka kidole juu yake, akasema, "Joho hili limeshonwa na mtu asiyejua kazi. Bega la kushoto linaning'inia." Tukacheka.

Kesho yake akafungua sanduku lake, akatoa kile kitambaa cha bluu ambacho haruhusu mtu kukigusa, akaanza kukata koti. Nikamuuliza vipimo atavitoa wapi. Akanitazama kama nimemuuliza jina la mama yake. Mimi kazi yangu ni kuandika kwa chaki KULIA na KUSHOTO kwenye mikono, na kukaa kimya. Likiisha nitalituma. Likiwa na mikono miwili ya kushoto, livae hivyohivyo, sema ndiyo mtindo wa maprofesa.

Usimchukue, Shangazi. Mimi sina elimu, lakini siku yake naijua inavyoanza, na najua anavyokunywa chai.

Mwana wa kaka yako

2 Juni

Mwanangu,

Salamu kwenu wote, na kwa kiatu.

Kifurushi kilifika siku mbili kabla ya mhadhara. Nililivaa lile koti ofisini, mlango nimeufunga, nikasimama mbele ya kioo kidogo cha karani. Lilinikaa kama maji. Ndani ya bega la kushoto kuna kitambaa kilichokunjwa mara tatu, kimeshonewa kwa mkono. Nilipokuwa mtoto nilibeba begi la vitabu upande huo mpaka bega likashuka, na Mama aliniwekea kitambaa hicho kwenye kila gauni, kila sare, mpaka nilipoondoka nyumbani. Mashati ya dukani hayajui. Kwa miaka thelathini hakuna aliyejua ila yeye.

Nimeandika makala sitini na mbili kuhusu wazee wanaosahau, mwanangu. Wenzangu darasani walikimbilia moyo na mifupa, mimi nikachagua wazee, kwa sababu mwalimu wetu alisema ni wagonjwa wasiolalamika kwa mkuu wa hospitali. Huo ulikuwa mzaha. Halafu nikawapenda. Ukumbini nilikuwa na kurasa arobaini. Nilisoma saba, nikaziweka chini, nikawasimulia habari za wimbo wa vyombo, kifuniko cha kopo na tepu. Sikutaja jina la mtu. Mkuu wa idara alicheka mpaka akavua miwani. Halafu nikawaambia kwamba karatasi zangu zinajua kupima kinachopotea, ila hakuna swali hata moja linalouliza nani anashika waya wa pasi. Niliishia hapo. Nilidhani nimeharibu, kisha wakapiga makofi.

Wanafunzi wangu huwa nawafundisha kanuni moja kabla ya zote: usimuulize mzee anayesahau, "Unanijua?" Ni kumfungulia mtu mtihani mlangoni pake. Sema ulichokuja kufanya, kisha kaa. Kanuni nzuri. Nimeitoa kwa watu wengi sana. Naingia kwenye vyumba vya mama za watu bila woga, kwa kuwa hawakuwahi kunijua, hawana cha kunisahau.

Unaniuliza kwa nini siji. Hujaniuliza, lakini najibu. Kuna makongamano, kuna mitihani, kuna wanafunzi wa uzamili.

Chumba nimewaomba wakishikilie mpaka mwisho wa Juni. Nitaamua nikimwona kwa macho yangu, si kwa alama.

Na swali moja tena. Baada ya kusema bega linaning'inia, Mama alisema nini? Nakujua. Pale uliweka nukta haraka mno.

Shangazi yako

21 Juni

Shangazi mpendwa,

Salamu zako zimefika. Kiatu kinakushukuru. Baba Chiriku amemaliza ghorofa ya tatu. Mwalimu jirani ameleta kitambaa kingine kwa hiari yake mwenyewe, anasema mumewe lile shati halivui, ameliona ndilo linalomfaa.

Barua yako niliisoma peke yangu, halafu nikamsomea Bibi pale panapohusu koti. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye kitambaa kilichokunjwa mara tatu akasema, "Mara nne ingekuwa nyingi."

Sasa nijibu swali lako. Nimelizunguka siku nne, nimefua mpaka nguo safi.

Ulipokuwa mkononi mwake pale, kwenye picha, baada ya kusema bega linaning'inia, na baada ya sisi kucheka, alinirudishia picha akaniuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Nikamwambia, wako. Akasema, "Wangu ni mdogo." Halafu akaniomba chai.

Sikukuandikia kwa sababu ungehesabu, na mimi sitaki uhesabu. Lakini fikiria na hili. Aliyeniuliza hivyo ndiye aliyefungua sanduku kesho yake. Uso hakuukumbuka. Bega alilikumbuka, tena kwa sentimita. Mimi sijui hiyo kwenye karatasi zenu inaitwaje au ina alama ngapi. Nadhani mkiiandika itabidi ziwe thelathini na moja.

Nimepanga hivi, unisikilize halafu uamue. Asubuhi anashona mimi nikiwa mezani naye. Mikono ya nguo naandika chaki. Mkasi nimeufunga utepe mwekundu, akiuvaa shingoni auone. Mwalimu jirani anakuja Jumanne na Alhamisi anakaa naye nikienda sokoni. Mlango wa nyuma nimeufunga kengele ya baiskeli, akitoka inalia, na Chiriku anakimbia kuuliza anakwenda wapi, na Chiriku akishauliza hakuna mtu anayefika popote. Mimi natosha, Shangazi. Sitoshi kila siku. Siku nyingi natosha. Siku ambazo sitoshi ndizo ningependa kuwe na mtu wa kumwambia ambaye si barua, maana barua inachukua wiki tatu na mimi nakuwa nimeshalia nimenyamaza.

Ngoja. Kuna mtu amepiga hodi na Bibi amenitangulia.

Haya, narudi. Naona kutoka hapa mezani. Ni mwanamke, mabegi mawili makubwa na sanduku la makaratasi limefungwa kamba, jua liko nyuma yake uso siuoni. Bibi amemuuliza, "Umekuja kushona au kuchukua?" Mgeni amesema, "Nimekuja kukaa." Basi. Jina hajataja.

Chiriku ameshafika. Amemfungulia mdomo aone jino, halafu amemwambia, "Kijiko, ngazi, mvua," na mgeni ameinama akamjibu, "Hapo umepata zote."

Shangazi, badala ya kuinuka naendelea kuandika.

Bibi amekasirika. Anasema, "Koti hilo la mwanangu. Nani amekupa koti la mwanangu?" Mgeni ameyatua mabegi. Amesimama tu, mikono chini, kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Bibi anasema hakuna kuingia mpaka ajue kama linamkaa, tusije tukawa tumeletewa mwizi. Ametoa tepu shingoni. Amepima mgongo. Amepima bega la kulia, anasema namba kwa sauti kama zamani. Sasa yuko kwenye la kushoto. Ameingiza kidole ndani ya koti, anakitafuta kile kitambaa. Tepu imeanguka chini, Chiriku ameiokota, wala Bibi haitaki, ameliweka lile bega ndani ya kiganja chake na haliachii.

Barua hii sidhani kama itahitaji stempu, maana Bibi ananiita, anasema niache kuandika, niweke maji ya chai na nije niingize mabegi haraka, mwanawe amesimama juani na